Kihisi kinaposema maji hayana risasi

Mzee mmoja wa upande wa Kilifi aliniuliza tukiwa tumesimama kando ya kisima chake, "Mwanangu, maji haya yafaa au hayafai?" Nikatazama simu niliyoiunganisha na kifaa changu cha kupimia maji. Mwanzoni mwa mchoro kulikuwa na mteremko mkali, halafu mstari ukalala bapa hadi mwisho, bila hata kijilima mahali ambapo risasi, ile metali yenye sumu, huonekana. Nikamwambia, "Mzee, risasi hatuioni." Akashukuru, akaniangulia dafu.

Jioni, kabla sijamwaga kikombe cha sampuli, nikatia humo risasi kidogo ambayo kiasi chake nakijua, nikapima tena. Mstari ukabaki umelala vilevile. Kumbe stripu, kile kipande kinachochovywa majini, ilikuwa haioni kitu, na mimi nimeshamwambia mtu mzima mwenye wajukuu nyumbani kwamba hatuoni neno.

Mwongozo huu umetokana na jioni ile. Nimeuandikia walimu wa sayansi, mafundi wa maji, vijana wa vikundi vya mazingira na yeyote anayepima visima kwa stripu za bei nafuu. Kifaa hiki kikivunjika, utajua. Balaa ni pale kinapokaa sawa machoni na kukupa sifuri.

Tunapima nini, na vipi

Stripu ni kipande cha plastiki au kauri kilichochapwa wino wa kaboni na wino wa fedha. Ukiiona utadhani ni ya kupimia sukari, na kweli ni ndugu yake. Ina elektrodi tatu, yaani ncha za kupitishia umeme: ya kazi, saidizi, na ya rejea, ambayo volti hupimwa kwayo, nayo ni ya fedha na kloridi ya fedha. Inachomekwa kwenye potenshiostati, mashine inayoshikilia volti unayoitaka kisha kusoma mkondo unaopita. Mwaka 2011 Aaron Rowe na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitoa hadharani mchoro wa potenshiostati iitwayo CheapStat, ambayo vipuri vyake havikufika dola 80. Tangu hapo kazi iliyokuwa ya maabara kubwa imeweza kufanyiwa hata chini ya mwembe.

Upimaji wenyewe una hatua mbili. Kwanza unashikilia volti -1.2 kwa sekunde 120 huku maji yakikorogwa, ili risasi iliyomo ijikusanye juu ya kaboni pamoja na bismuthi, metali uliyoitia kwenye bafa, yaani myeyusho unaotuliza uchachu wa maji. Unaacha maji yatulie sekunde 15. Kisha unapandisha volti hatua kwa hatua, na risasi inavuliwa irudi majini. Inapotoka, mkondo unaruka na kuchora kilele karibu na volti -0.6. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, hutoka mapema zaidi, karibu na -0.8, na bismuthi hutoka mwisho, kati ya -0.2 na -0.1. Kadiri risasi ilivyo nyingi ndivyo kilele kinavyorefuka.

Zamani kazi hii ilifanywa juu ya tone la zebaki. Jaroslav Heyrovský alianza na tone hilo jijini Prague mwaka 1922, na likamletea Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Lakini zebaki ni sumu, na si kitu cha kubeba kwenye begi hadi kisimani. Mwaka 2000 Joseph Wang na wenzake walionyesha kwamba utando wa bismuthi unaifanya kazi hiyohiyo. Bila hilo nisingethubutu kumwekea mtu vifaa hivi uani kwake.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi katika maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita. Katika damu ya mtoto hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tuna mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambao watu wake walidhurika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwanaharakati Phyllis Omido alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kuwapigania, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo usilione kosa la milivolti chache kuwa dogo.

Anza na rezista, usianze na kisima

Kasoro ikitokea, wengi hukimbilia kuteka maji mengine. Mimi nasema shuku mashine kwanza, halafu stripu, halafu bafa, na maji yenyewe yawe ya mwisho.

Mashine inapimwa kwa rezista ya kiloomu 100, kitu cha bei ya peremende kwa fundi redio. Unganisha waya wa elektrodi ya rejea na wa elektrodi saidizi pamoja kwenye mguu mmoja wa rezista, na waya wa elektrodi ya kazi kwenye mguu wa pili. Weka volti 0.5. Mkondo uwe maikroampia 5. Weka volti 1, uwe 10. Zikija namba hizo, mashine na waya ni wazima, na umejitoa kwenye nusu ya mashaka kwa dakika moja. Ukipata sifuri, waya umekatika au plagi haijashika. Mkondo ukigota kwenye namba ileile hata volti ikipanda, umechagua kipimo kidogo cha mkondo kwenye programu.

Rezista hii naibeba daima, nimeifunga kwa uzi kwenye boksi la kifaa. Naijaribu asubuhi kabla ya kutoka, na tena nikifika, maana barabara zetu zinatikisa kila kilichochomekwa.

Hakuna kilele kabisa

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inafanana sawasawa na habari njema.

Swali la kwanza: je, bismuthi ipo? Acha volti ipande hadi 0, usikatishe kwenye -0.3 kama nilivyokuwa nikifanya ili kuokoa muda. Bismuthi uliitia mwenyewe, maikrogramu 400 kwa lita, hivyo kilele chake lazima kionekane. Huyo ndiye shahidi wako. Bismuthi isipoonekana, usikiseme kisima kwa lolote. Kasoro iko kwako. Pengine bafa ni ya zamani na bismuthi imeshuka chini ya chupa, pengine stripu imechomekwa kinyume, pengine kuna tone la maji kwenye miguu ya fedha pale inapoingia kwenye soketi. Chumvi ya Pwani inakula soketi hizo taratibu. Zikiwa na ukungu wa kijani, zisugue kwa kifutio cha penseli na spiriti.

Bismuthi ikiwepo na risasi isiwepo, tia risasi unayoijua. Kama kikombe kina mililita 10, maikrolita 50 za myeyusho wa miligramu 1 kwa lita zinaongeza maikrogramu 5 kwa lita. Pima tena. Kilele kikiinuka, sifuri yako ya mwanzo ina maana. Kisipoinuka, kuna kitu majini kinachoificha risasi au kinachoziba stripu, na huruhusiwi kumwambia mtu neno.

Sasa nirudi kwa mzee wa Kilifi. Asubuhi ile, kabla ya kufika kwake, nilikuwa nimeitumia stripu ileile kwenye kisima kingine karibu na mikoko, ambacho maji yake yalinuka yai viza. Harufu ile ni salfaidi, na salfaidi inageuza fedha kuwa salfaidi ya fedha. Nilipoiangalia stripu jioni kwa tochi, elektrodi ya rejea, ambayo ikiwa mpya huwa ya kijivu, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Rejea ikibadilika hivyo, volti zote zinahama kwa mamia ya milivolti. Nilidhani nashikilia -1.2, kumbe niko chini zaidi, mahali ambapo maji yenyewe yanaanza kutoa hidrojeni. Ule mteremko mkali wa mwanzoni ndio uliokuwa ukiniambia, nami sikuusikiliza. Na kilele cha risasi kilikuwa kimesukumwa nje ya -0.3, pale nilipokuwa nakatisha.

Tangu siku hiyo, maji yakinuka yanapata stripu yake peke yake, nayo haiendi kisima kingine. Kabla ya kupima, sampuli iliyotiwa asidi naipulizia hewa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki, nje mahali penye upepo, mpaka harufu iishe.

Kilele kipo, lakini kimehama

Umezoea risasi kwenye -0.60. Leo iko -0.66, kesho -0.57. Programu inayotafuta kilele kwenye dirisha jembamba inaweza kuikosa, au kuiita jina jingine.

Ukienda visima vya Pwani, sababu ya kwanza ni chumvi. Elektrodi ya rejea kwenye stripu haina chupa yake ya kloridi kama zile za maabara. Iko uchi ndani ya maji yako, na volti yake inafuata kloridi iliyomo. Kloridi ikizidi mara kumi, volti inahama karibu milivolti 59 kwenye nyuzi joto 25. Kisima kitamu cha bara kinaweza kuwa na miligramu 30 za kloridi kwa lita, na kilicho karibu na bahari miligramu 1,000. Hiyo ni mara 33, yaani milivolti 90 hivi. Maji ya chumvi yanaleta kilele upande wa sifuri, maji matamu yanakisogeza upande wa hasi.

Dawa yake ni rahisi: tia kloridi ya potasiamu kwenye bafa, ili ndani ya kikombe iwe mola 0.1 kwa lita. Hapo chumvi ya kisima inakuwa kidogo mbele ya ile uliyoitia, na rejea inatulia. Ukipima maji yaliyochanganyika na ya bahari hata hiyo haitoshi. Tumia risasi uliyoongeza mwenyewe ikuonyeshe kilele kiko wapi leo.

Kama kuhama hakufuati chumvi bali kunaongezeka kila ukirudia kwenye kikombe kilekile, rejea inachakaa. Tupa stripu.

Kipimo kitupu kinaonyesha risasi

Kipimo kitupu ni bafa na maji safi, bila sampuli. Kikileta kilele kwenye -0.6, risasi imetoka kwako.

Mkosaji wa kwanza ninayemjua ni maji ya betri. Wengi wetu hatuna mtambo wa maji yaliyokenekwa (distilled), tunanunua maji ya betri madukani au kwenye vituo vya mafuta. Mara nyingi ni masafi vya kutosha, na sioni vibaya kuyatumia. Lakini kuna siku nilinunua jerikeni lililofunguliwa kwenye banda la fundi betri, na kipimo kitupu kikaniletea kilele kirefu kuliko sampuli. Nilipolichunguza jerikeni, mdomo wake ulikuwa na vumbi la kijivu. Fundi alikuwa akimimina kwenye betri kisha akirudisha kifuniko kwa mikono ileile. Betri za magari ni risasi tupu ndani! Nunua chupa iliyofungwa, ifungue mwenyewe, andika tarehe, na isikae chumba kimoja na betri. Asidi ya betri usiiguse kabisa kwa kazi hii.

Wa pili ni chupa. Risasi inagandamana na kuta za vioo na plastiki, halafu inaachia baadaye kwenye sampuli nyingine. Loweka vyombo vyote kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku kucha, suuza mara tatu. Chupa ya soda iliyosuuzwa kwa maji ya bomba si chombo cha sampuli.

Wa tatu ni stripu yenyewe kukumbuka kipimo kilichopita. Baada ya kila kipimo, shikilia volti 0.3 upande wa chanya kwa sekunde 60 huku ukikoroga, ili mabaki yatoke. Kipimo kitupu kikipungua kila ukisafisha, ni kumbukumbu ya stripu. Kikibaki palepale, ni uchafu wa bafa au wa maji.

Mstari unatetemeka

Chomoa chaja ya kompyuta. Nusu ya matatizo ya namna hii yanaishia hapo. Fanya kazi kwa betri, sogea mbali na jenereta na taa za tyubu, na kifunike kikombe kwa bati la biskuti lililounganishwa kwa waya na ardhi ya kifaa. Sufuria ya alumini iliyopinduliwa inafaa pia.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani wimbi moja linachukua milisekunde 20. Ukiweka wimbi la mraba la kifaa, yaani yale mapigo ya volti ya juu na chini yanayoandamana na kupanda kwake, kwenye hezi 25, kila nusu yake inachukua milisekunde 20 kamili. Mashine inatoa usomaji wa nusu ya pili kwenye ule wa kwanza, na kwa kuwa makelele ya umeme yako mahali palepale kwenye nusu zote mbili, yanajifuta. Ukiiweka kwenye hezi 30 au 40 hupati neema hiyo. Programu nyingi zinakuja na namba zilizowekwa na mtu wa nchi nyingine, na Marekani umeme ni wa hezi 60, kwa hiyo usiiamini namba uliyoikuta, iangalie.

Mtetemo wenye miruko ya ghafla, si mawimbi ya sawasawa, ni viputo. Hilo linatupeleka mbele.

Kilele kinapungua kila ukirudia

Kipimo cha kwanza maikroampia 3, cha pili 2.4, cha tatu 1.9. Chukua kioo cha kukuzia uitazame elektrodi ya kazi.

Ukiona viputo vidogo vimeganda juu ya kaboni, ni hidrojeni, na sababu yake mara nyingi ni asidi kuzidi. Hapa kuna mtego ambao umewanasa watu makini kabisa. Tunafundishwa kutia asidi ya nitriki kwenye chupa ya sampuli ili risasi isigandamane na kuta, na ni sahihi. Lakini bafa ya asetati ya mola 0.1 na pH 4.5 ina uwezo wenye mpaka. Ukitia mililita 2 za asidi kali ya asilimia 65 kwa lita ya sampuli, kisha ukachanganya nusu kwa nusu na bafa yenye nguvu maradufu, pH inashuka hadi 4.2 hivi, na kazi inaendelea. Ukitia mililita 5, asetati yote inamezwa na pH inaanguka chini ya 3. Hapo kwenye -1.2 hidrojeni inafoka, viputo vinaziba elektrodi, na kilele kinadidimia. Visima vya mawe ya matumbawe vina chokaa inayomeza sehemu ya asidi, kwa hiyo visima viwili vilivyotiwa asidi sawa vinaweza kuishia na pH tofauti. Chovya karatasi ya pH kwenye kikombe kila mara. Ikiwa chini ya 4, rekebisha kwa asetati ya sodiamu.

Hakuna viputo lakini uso wa kaboni unang'aa kama umepakwa kitu? Ni mafuta, sabuni au uozo wa majani. Kisima ambacho watu wanafulia kando yake kinatia povu la sabuni kwenye sampuli, na sabuni inajitandaza juu ya elektrodi kama malai juu ya maziwa. Vidole vyako pia vina mafuta. Shika stripu kwa ubavu. Stripu iliyofunikwa na mafuta hairudi hali yake, weka nyingine.

Na usisahau kikorogeo. Mota ndogo ya betri inapungua mbio jinsi betri inavyochoka, na risasi inayofika kwenye elektrodi inapungua nayo. Joto nalo lina neno lake: kila nyuzi moja inabadilisha kilele kwa asilimia 2 hivi, na kikombe kilichoanza kivulini saa mbili asubuhi kikamaliza juani saa sita si kikombe kilekile.

Kilele kina bega, au viwili vimekaribiana

Mara nyingi ni shaba. Inaruhusiwa hadi miligramu 2 kwa lita kwenye maji ya kunywa, ambayo ni mara 200 ya kiwango cha risasi, kwa hiyo maji halali kabisa yanaweza kuwa na shaba ya kutosha kuivuruga bismuthi. Vilele vya shaba na bismuthi vinapandana karibu na sifuri, na kilele cha risasi kinakuwa kifupi. Maji yaliyolala usiku kwenye mabomba ya shaba ndiyo yanayoleta hali hii zaidi. Punguza nguvu ya sampuli mara tano kwa maji safi, halafu pima kwa kuongeza risasi unayoijua. Bati nayo hutoka karibu na risasi, lakini kwenye maji ya kisima sijawahi kuiona ikisumbua.

Namba haikubaliani na maabara

Umepeleka chupa ya pili maabara, wamekuletea 15, wewe ulipata 7.5. Kabla hujalaumu yeyote, tazama kama namba moja ni nusu kamili ya nyingine. Ikiwa ndivyo, umesahau kuzidisha.

Nitaonyesha kwa hesabu niliyoifanya siku ya pili kwenye kisima cha mzee, kwa stripu mpya. Mililita 5 za sampuli, mililita 5 za bafa. Kilele cha kwanza maikroampia 1.8. Nikaongeza maikrogramu 5 kwa lita, kikawa 3.0. Nikaongeza nyingine 5, kikawa 4.2. Kila 5 inapandisha 1.2, hivyo kila maikrogramu moja ni 0.24. Gawanya 1.8 kwa 0.24, unapata 7.5. Mtu akiishia hapo atasema kisima kiko chini ya 10, salama. Lakini 7.5 ni ya kikombe, si ya kisima. Sampuli ilichanganywa nusu kwa nusu, kwa hiyo kisima kina 15.

Tofauti isiyo ya nusu kamili ina sababu nyingine. Stripu inaona risasi iliyo huru majini, wakati maabara inayochemsha sampuli kwa asidi inahesabu yote, pamoja na iliyoshikwa na udongo na mabaki ya majani. Maji ya rangi ya chai yatakupa namba ndogo kuliko ya maabara kila mara. Ukiwa na maji ya namna hiyo, iache sampuli yenye asidi ikae usiku kucha kabla ya kupima, na hata hivyo andika kwenye daftari kwamba umepima sehemu tu.

Au chupa zenu hazikutekwa wakati mmoja. Maji ya kwanza kutoka kwenye bomba asubuhi yamelala na koki ya shaba nyeupe usiku mzima. Yale ya baada ya kumwaga ndoo mbili yametoka chini kisimani. Teka yote mawili, yape majina tofauti. Ya kwanza yakiwa mabaya na ya pili mazuri, tatizo ni koki na bomba, na dawa yake iko kwa fundi bomba.

Kwa mzee yote mawili yalileta 15. Hatua kama 20 kutoka kisimani kulikuwa na banda la kuchajia na kufungulia betri, na ardhi yake ilikuwa imeteremka kuelekea kisima. Siku ya kwanza nilikuwa nimeliona nikalipita.

"Mzee," nilimwambia, "jana nilikwambia hatuioni risasi. Nilikosea. Ipo."

Alikaa kimya, akiwatazama watoto waliokuwa wakicheza karibu na birika. "Wamekunywa maji haya tangu wazaliwe," akasema. "Sasa nifanyeje nao, mwanangu?"

Tulipatana ya siku hiyohiyo: maji ya kunywa na kupikia yatoke tangi la mvua la jirani, ya kisima yabaki ya kusafishia sakafu, na watoto wapelekwe hospitali kupimwa damu. Chupa moja yenye asidi niliipeleka maabara, nikaiandikia tarehe, saa, na maneno "baada ya kumwaga ndoo mbili". Stripu nyeusi niliibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa kipimo cha jana, pembeni ya ile sifuri.